Makarani watatu wameondoka masijala, shangazi yangu ndiye anayelipa

#1 MwanaMtongwe

Assalam alaykum na hamjambo nyote. Hili jambo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Ni refu, naomba mnivumilie.

Shangazi yangu ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa tarishi katika idara moja ya serikali kuu hapa Mombasa, zaidi ya miaka ishirini. Ili malipo yake ya mjane yaende mbele, anatakiwa apeleke barua ya idara inayothibitisha tarehe marehemu aliyoingia kazini na tarehe aliyotoka. Barua ya aya mbili. Ameifuata mara sita.

Shangazi huuza mahamri na mbaazi mlangoni kwake. Saa tisa usiku yuko macho anakanda unga, kwa sababu saa kumi na moja na nusu watu wa kuwahi feri washaanza kupita. Siku ya kwenda mjini hakandi, maana ofisini ukichelewa unakuta foleni imeshazunguka ngazi. Feri kwa anayetembea ni bure, lakini matatu ya upande huu na ya upande ule si bure. Jioni moja tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya pakiti ya unga: nauli mara sita, kopi za stakabadhi, asubuhi sita bila biashara. Ilipita elfu nane.

Mara ya sita nilikwenda naye. Masijala ile ina meza nne. Tatu hazina mtu. Moja bado imewekewa kalenda ya 2021 na kikombe cha plastiki cha kalamu zilizokauka wino. Ya nne ina kijana mmoja, mpole, mwenye adabu, akimwita shangazi "mama" na kumpa kiti chake mwenyewe akae. Alituambia wazi kwamba walikuwa wanne. Wawili wamestaafu, mmoja amehamishiwa Nairobi, na nafasi hazijajazwa kwa sababu serikali inabana matumizi. Faili amelitafuta, halionekani.

Kumbe siku zile kuna mzee mmoja mtaani kwetu aliyewahi kufanya kazi masijala hiyo hiyo. Tukamwomba, akaja. Akamuuliza shangazi swali moja tu: "Marehemu aliajiriwa hapa, au alihamishwa?" Alihamishwa kutoka Kwale. Mzee akaenda moja kwa moja rafu ya chini kabisa, upande wa dirisha, akapiga goti. Akatueleza kwamba mafaili ya waliotoka Kwale hayakupewa namba mpya, yalifungwa utepe wa kijani yakawekwa peke yake. Dakika ishirini, faili mkononi, kona moja imeliwa na mchwa. Yule kijana alichomoa kalamu akaandika kwenye kikaratasi, "Kwale, chini, dirishani, utepe wa kijani", akakibandika ukutani.

Kile kikaratasi ndicho kilichonichoma. Elimu nzima ya ile masijala sasa ni kikaratasi kimoja.

Mishahara ya wale watatu kuna mahali imeandikwa kuwa akiba. Elfu nane za shangazi yangu hazimo katika kitabu chochote cha serikali. Nauliza: hii ni akiba, au ni gharama iliyohamishwa kutoka Hazina ikawekwa kichwani kwa muuza mahamri wa Mtongwe?

#2 Hesabu Safi

Pole sana kwa shangazi, na Mungu amrehemu marehemu. Mimi ni mhasibu, na nitasema upande ambao haupendwi.

Nchi hii haina pesa. Kanuni za fedha za umma za 2015 zinasema mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, na tumekuwa juu ya hapo miaka nenda miaka rudi. Kwenye mkutano wa mzigo wa mishahara pale Bomas, Aprili 2024, lengo lililowekwa ni kufika asilimia hiyo 2028. Halafu ukaja Mswada wa Fedha wa 2024 uliotaka kukusanya bilioni 346 zaidi. Vijana wakaukataa, na walikuwa na haki. Lakini kodi ikikataliwa, matumizi lazima yakatwe. Tarehe 5 Julai Rais alitangaza mashirika 47 yavunjwe, washauri wapunguzwe nusu, ununuzi wa magari usimame mwaka mmoja, na mtumishi akifika miaka 60 aende nyumbani bila kuongezewa hata siku. Hapa Mombasa tulishangilia. Mimi nilishangilia.

Na tusisahau vyeti. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba imekuta vyeti ghushi 2,067. Watu hao walikuwa wakila mshahara wangu na wako. Mzee akiongezewa mkataba baada ya 60, kuna kijana wa Kisauni mwenye diploma anakaa barazani. Haya nayo ni maumivu ya kweli.

#3 MwanaMtongwe

Ndugu yangu Hesabu, la vyeti ghushi na la magari tuko pamoja kabisa. Lakini angalia ulichosema mwisho: mzee aende ili kijana wa Kisauni aingie. Mzee amekwenda. Kijana hakuingia. Meza ina kalenda.

#4 Karani wa Zamani

Wanangu, mimi niliingia utumishi 1984, nikatoka 2016. Sikufanya kazi ofisi anayoisema MwanaMtongwe, lakini masijala ni masijala. Niwape historia kidogo, kwa sababu hii si mara ya kwanza.

Mapema miaka ya 1990 tulikuwa watumishi zaidi ya 270,000 nchi nzima, walimu mbali. Benki ya Dunia na wenzake wakasema tumezidi. Ukaja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari, ukawalenga watu wa madaraja ya A hadi G. Hao ni matarishi, makarani wa chini, madereva, wafagiaji. Ukijaza fomu unapewa kiinua mgongo unakwenda zako. Ofisini kwetu waliokimbilia zile fomu walikuwa wale wenye uwezo wa kuishi nje: fundi wa taipureta aliyejua ana wateja mjini, dereva aliyekuwa na njia ya matatu, karani mwenye duka Makupa. Aliyebaki ni yule asiye na pa kwenda. Sisemi walikuwa wabaya, lakini ule mpango haukuchagua nani abaki. Watu walijichagua wenyewe.

Mwaka 2000 haikuwa hiari tena. Enzi hizo mkuu wa utumishi wa umma alikuwa Richard Leakey. Orodha zililetwa, jina likisomwa umepigwa kalamu. Nilimwona mama mmoja, mpiga chapa, akifunika mashine yake kwa kile kifuniko cha plastiki, akakunja pembe zake vizuri, akatoka bila kumuaga mtu.

Halafu 2009 umri wa kustaafu ukapandishwa kutoka 55 hadi 60. Kwa sisi ilikuwa rehema, lakini tazameni matokeo yake. Miaka ya 1990 hakuajiriwa mtu ofisini kwetu. Miaka mitano baada ya 2009 tulikaa sisi wenyewe. Nilipostaafu, kati yangu na aliyenifuata kwa umri kulikuwa na pengo la miaka kumi na saba. Karani hafundishwi kwa waraka. Anafundishwa kwa kukaa kando ya karani mwingine, mwaka, miaka miwili, akitumwa "niletee lile la Taveta" mpaka mkono uzoee njia. Ukikata nyuzi za katikati, mkeka hausukiki.

#5 Karani wa Zamani

Nimesahau moja, na hili Hesabu Safi atalijua kuliko mimi. Nilipokuwa kazini mshahara wangu ulitoka kwenye bajeti ya idara. Nilipostaafu, idara iliandika kwamba imeokoa mshahara wangu. Pensheni yangu je? Haitoki kwenye idara. Inatoka kwenye mfuko mkuu wa serikali, ule ule unaolipa deni la taifa. Idara imepunguza, mfuko umeongeza, mlipaji kodi ni yule yule.

#6 Hesabu Safi

Mzee, hapo umenishika na ninakubali. Tena tangu Januari 2021 serikali inachangia asilimia 15 ya mshahara kwenye mfuko mpya wa pensheni wa watumishi, huku ikiendelea kuwalipa wa mpango wa zamani. Akiba ya kustaafisha mtu ni ndogo kuliko inavyoonekana kwenye karatasi ya idara. Sina pa kulikimbia hilo.

#7 Jomvu Kuu

Mimi naomba msinipige mawe. Hao makarani wa zamani mnaowalilia ndio waliokuwa wakificha mafaili. Wallahi mimi nimeambiwa faili halipo, nikatoa chai, faili likapatikana kabla chai haijapoa. Baba yangu alihangaika na mambo ya kiwanja mpaka akafa. Kujua peke yako lilipo faili ni mtaji. Karani akiwa mmoja mwenye siri au wanne wenye siri, kwangu ni mamoja. Kompyuta haina tumbo. Heri kompyuta.

#8 Karani wa Zamani

Sikupigi mawe, mwanangu. Ni kweli. Nilifanya kazi na watu wa namna hiyo na niliwajua kwa majina. Mmoja alikuwa rafiki yangu, tukila pamoja, na nilinyamaza. Nalijutia hilo na sitalikana hapa.

Lakini fikiria. Siri ile ilikuwa na nguvu kwa sababu rejista haikuandikwa. Na rejista haikuandikwa kwa sababu watu walipopunguzwa, kazi ya kwanza kuachwa ilikuwa ile ya kupanga na kuorodhesha. Haina foleni mbele yake, hakuna anayeilalamikia mpaka baada ya miaka kumi. Ukimwacha mtu mmoja na rafu elfu, aliye mwaminifu atashindwa na asiye mwaminifu atatajirika.

#9 Binti wa Saiba

Nimesoma yote. Nina saiba ndogo upande wa Buxton, na ningependa kujibu hilo la kompyuta haina tumbo.

eCitizen ilianza 2014. Siku hizi huduma za serikali zilizomo humo ni maelfu, na malipo yote ni kwa namba moja. Sitaki kuikashifu. Mtu wa Nyali mwenye simu nzuri anaomba cheti cha tabia njema akiwa kitandani kwake. Hapo zamani angelipa nauli.

Lakini wanaokuja kwangu si hao. Juzi alikuja mzee mmoja wa Kisauni, kitambulisho amekifunga kwenye nailoni na mpira, kama pesa. Akaunti yake alifunguliwa na kijana fulani 2019, namba ya simu ya kijana, nywila ya kijana. Kijana yuko Saudia. Tulikaa saa mbili kujaribu kuirejesha. Nilimtoza mia mbili, na niliona haya kumtoza, lakini stima na intaneti nami nalipa. Watu kama yeye ni wengi kila siku. Ninajaza fomu, ninasoma barua kwa sauti, ninaeleza kwa nini ombi limekataliwa. Kazi ya karani haikufa, imehamia kwangu, na anayenilipa ni mzee.

Na sistimu ikilala, mnakumbuka Julai 2023 ilipovamiwa? Watu walikaa kwenye viti vyangu siku ile wakisubiri mpaka nikafunga. Hakuna aliyekuwa na rejista ya karatasi ya kurudia.

#10 Kilindini

Hili la kuhamisha gharama sisi wa bandarini tunalijua kwa mwili. Serikali iliposema mizigo ipande treni ikakaguliwe na kulipiwa bara, tuliambiwa ni ufanisi. Kwenye makaratasi labda. Hapa mjini ofisi za mawakala wa forodha zilifungwa moja baada ya nyingine, na madereva, wabebaji na mama wa chakula wote walikosa. Ilichukua mpaka 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwa Rais mpya, kusikia agizo la kurudisha kazi hiyo Mombasa. Waliohesabu akiba walikaa Nairobi, na waliolipa walikuwa Changamwe. Sasa yule karani aliyehamishiwa Nairobi, kwani hapa kazi zilikuwa zimekwisha?

#11 Mpwani Ughaibuni

Niko Uingereza mwaka wa kumi na tisa, na mada hii hapa wameishughulikia kwa muda mrefu. Julai 2004 Sir Peter Gershon alitoa ripoti yake. Lengo likawa akiba ya pauni bilioni 21.5 kwa mwaka ikifika 2007/08, na nafasi zaidi ya 84,000 za watumishi wa serikali ziondoke au zihamishiwe kwenye huduma za mbele. Kila idara ikapewa shabaha yake.

Jambo la kujifunza ni lililofuata. Februari 2007 wakaguzi wao wa taifa walizikagua hesabu. Idara zilikuwa zimetangaza akiba ya bilioni 13.3. Wakaguzi wakasema bilioni 3.5 tu, robo na kidogo, ndizo zinazoonyesha ufanisi bila shaka. Nusu nzima ilikuwa na kasoro za upimaji. Iliyobaki, karibu robo, haikuweza kuthibitishwa au ilikuwa na makosa makubwa. Tatizo moja kubwa lilikuwa hili: ukipunguza watu lazima uonyeshe huduma haikushuka, na idara nyingi hazikuwa na kipimo cha huduma ilivyokuwa kabla.

Yaani swali la MwanaMtongwe ndilo lile lile, na nchi tajiri yenye wakaguzi wa kila aina ilishindwa kulijibu kwa robo tatu ya pesa ilizojisifia.

#12 Hesabu Safi

Ahsante kwa hili. Naandika bila kuona haya kwamba limenibadilisha kidogo. Bado nasema serikali ikate. Ila ikate kwa kipimo. Tukiambiwa idara fulani imeokoa milioni kumi, kando yake iandikwe barua ilichukua siku ngapi kabla na inachukua siku ngapi sasa. Zikipanda, ile si akiba na isiitwe akiba.

#13 Mwanagenzi

Habari zenu. Mimi sio kijana aliyetajwa hapo juu, lakini nimekaa kiti kama chake. Nilikuwa mwanagenzi wa serikali, miezi kumi na miwili, haiongezwi. Miezi minne ya kwanza sikujua chochote. Miezi minne iliyofuata nilianza kuelewa. Miezi minne ya mwisho nilikuwa nafanya kazi ya watu wawili, na mkubwa wangu akiniita mbele ya wageni "tegemeo letu". Siku ya mwisho nilirudisha ufunguo. Aliyekuja baada yangu alianza pale nilipoanzia mimi, na sikuruhusiwa hata wiki moja ya kumwelekeza, kwa sababu mkataba umekwisha.

Niliacha daftari. Sijui kama lilisomwa. Sasa ninauza kava za simu Mwembe Tayari.

#14 Binti wa Saiba

Mwanagenzi, pole ndugu yangu. Njoo saiba tuzungumze, sina mshahara mkubwa lakini jioni nazidiwa.

#15 MwanaMtongwe

Nimerudi. Jana nilikwenda tena na shangazi. Kama mjuavyo, mlangoni mwa kila ofisi ya serikali kuna ubao wa mkataba wa huduma: huduma gani, ulete nini, ulipe ngapi, usubiri siku ngapi. Niliupiga picha. Barua ya kuthibitisha utumishi: bure, siku saba. Sisi tuko siku ya tisini na kitu. Nimechapisha ile picha, nimeambatisha kikaratasi chetu cha hesabu ya mahamri, na nitapeleka malalamiko kwenye Tume ya Haki za Utawala, wana ofisi hapa Mombasa. Malalamiko yangu si juu ya yule kijana. Nimeandika jina la nafasi tatu zilizo wazi, si jina lake.

Barua yenyewe imeshachapwa. Inasubiri sahihi ya ofisa ambaye sasa anasimamia kaunti mbili, na siku zake za Mombasa ni Jumatatu na Alhamisi.

Hesabu, ulichosema hapo #12 nimekinakili kwenye barua ya malalamiko. Natumai hukasiriki.

#16 Hesabu Safi

Nakili tu. Na ukitaka ile hesabu ya shangazi ipangwe vizuri kwenye jedwali, nitumie picha ya kikaratasi usiku huu. Usiache kuweka thamani ya asubuhi alizopoteza, watu husahau hiyo.

#17 Karani wa Zamani

MwanaMtongwe, yule mzee wa mtaani kwenu namfahamu kwa maelezo yako, tulifanya kozi pamoja. Nimempigia. Tumekubaliana, kama mkubwa wa ofisi ataruhusu, twende sote wawili tukae na yule kijana, rafu kwa rafu, tuandike rejista ya mafaili ya zamani yote, Kwale, Kilifi, Taita na Tana River. Si kazi ya siku moja. Hatutaki malipo.

#18 Hesabu Safi

Mzee, mtalipwa nauli na chakula, hilo ni juu yangu. Kazi hii ilistahili kulipwa na serikali, na nitaiandika hivyo kwenye jedwali: siku ngapi, watu wangapi, bure.

#19 MwanaMtongwe

Mungu awape umri. Jumanne ijayo?

#20 Karani wa Zamani

Jumanne nina kliniki ya presha. Jumatano, saa mbili asubuhi. Leteni daftari kubwa la mistari, utepe, na barakoa, vumbi la pale ni jingi. Na mwambie shangazi siku hiyo asije mjini, akande unga wake.